Petroli au dizeli kwa Prado na V8 (Land Cruiser kubwa) huku Nyanda za Juu Kusini: kabla hujatuma hela Japani, pitia hapa

#1 Mleta uzi (Mbeya, Forest)

Wakuu, kamwene.

Swali hili nimeulizwa mara tano tangu mwezi uliopita, na wote walioniuliza walikuwa na hela tayari benki: "Nichukue Prado ya petroli au ya dizeli?" Nimeona niandike mara moja, maana ushauri mwingi tunaousikia umetoka Dar. Dar iko usawa wa bahari. Sisi tunaishi mlimani, na mlima unabadilisha majibu.

Nanunua parachichi Rungwe na Njombe, na mama mkwe wangu yuko Makete, kwa hiyo barabara za huku nazijua kwa matairi. Nilikaa na Prado 150 ya petroli, ile ya injini ya lita 2.7, kwa miaka mitatu. Sasa ni mwaka wa pili niko na ya dizeli, 2.8. Ni barabara zilezile, dereva yuleyule, familia ileile ndani.

Tuanze na hewa. Injini haiishi kwa mafuta peke yake, inahitaji hewa ya kuyachomea. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko ya Dar. Ukipanda hadi uwanda wa Kitulo, mita 2,600, upungufu unazidi asilimia 20. Injini isiyo na turbo inavuta hewa kwa pumzi yake yenyewe, kwa hiyo hewa ikiwa nyepesi na nguvu inapungua kwa kiasi hichohicho. Prado 2.7 imeandikwa nguvu za farasi 163. Hizo ni za pwani. Hapa Mbeya unabaki na kama 138, na gari lenyewe lina uzito wa tani mbili na ushee kabla hujapakia mtu.

Nakumbuka safari moja ya Makete kupitia Isyonje, tukiwa watu sita na magunia mawili ya mahindi nyuma. Mlima ulipokaza, gia ikashuka yenyewe hadi ya pili, injini ikawa inalia mizunguko 4,500 kwa dakika, na spidi ipo 35. Nimekanyaga hadi mwisho na mguu hauna tena pa kwenda. Mke wangu aliniuliza kama gari limeharibika. Halikuwa limeharibika, lilikuwa limeishiwa pumzi.

Mlima huohuo, mzigo karibu uleule, dizeli 2.8 inapanda huku tunazungumza. Petroli 2.7 ina nguvu ya kuvuta newton-mita 246, na inazifikia mizunguko ikikaribia 4,000. Dizeli 2.8 ya otomatiki ina 450, na zote zinapatikana kuanzia mizunguko 1,600. Halafu ina turbo, ile feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi na kusukumiza hewa ndani ya silinda. Hewa ya nje ikiwa nyepesi, turbo inazunguka zaidi na kufidia sehemu kubwa ya upungufu.

Hapa ndipo wengi tunakosea. Kilichopanda mlima ule ni turbo zaidi kuliko dizeli. Chukua Land Cruiser za mkonga zenye injini ya 1HZ, dizeli ya 4.2 isiyo na turbo. Ni injini imara kupita kiasi, mashirika yameitumia miaka na miaka, lakini ifuate moja ikiwa imepakia kwenye mlima wa Kawetere kuelekea Chunya. Utaona inavyojikokota na moshi mweusi nyuma, dizeli nyingi na hewa haitoshi. Ukija kwenye Land Cruiser 300 iliyotoka 2021, ya petroli ni V6 ya 3.5 yenye turbo mbili, farasi 409 na newton-mita 650. Ya dizeli ni V6 ya 3.3, turbo mbili pia, farasi 304 na newton-mita 700. Zipeleke zote mbili Kitulo, hakuna itakayokuaibisha.

Kwa hiyo kwa mtu wa huku, swali la kwanza ni turbo ipo au haipo. La mafuta linafuata. Nakaribisha michango, hasa mafundi na madereva wazoefu.

#2 Kijana wa Uyole

Asante kwa uzi, mkuu. Mimi ndiye mmoja wa wale watano, hahaha. Ila hujagusa mfuko. Ulaji wa mafuta ukoje, kwa maisha ya kweli na siyo ya kwenye brosha?

#3 Mleta uzi

Mdogo wangu, nilikuwa naandika kwenye daftari kila nilipojaza, kwa hiyo nakupa ya daftari. Petroli 2.7 ilikuwa inanipa kilomita 7 kwa lita kwa mchanganyiko wa mjini na mashambani, na 8 nikienda safari ndefu kwa adabu. Dizeli 2.8 inanipa kati ya 9 na 10 kwa mchanganyiko, na 10.5 safari ndefu. Tangi ni lita 87. Mbeya hadi Dar ni kama kilomita 830, kwa hiyo dizeli nikijaza hapa naingia Dar sijasimama sheli. Petroli lazima nijaze njiani.

Bei kwenye pampu usiitegemee kukuamulia. EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za mafuta, inatangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na kuna miezi dizeli iko juu ya petroli, kuna miezi iko chini. Faida ya dizeli inatoka kwenye idadi ya lita. Lita moja ya dizeli ina nishati nyingi kuliko ya petroli, na injini yake inabana hewa zaidi, hivyo inapoteza kidogo.

Lakini piga hesabu yako, siyo yangu. Mtu wa kilomita 20,000 kwa mwaka, kwa 7.5 dhidi ya 10, anaokoa zaidi ya lita 650. Hiyo ni hela. Mtu wa kilomita 6,000 anaokoa lita 200 tu, na nozo moja, ile inayopulizia dizeli ndani ya injini, ikifa hesabu hiyo imeisha.

#4 Dada wa Ipogolo (Iringa)

Kaka, nakushukuru kwa kutaja yule wa kilomita 6,000, maana ndiye mimi, na dizeli imenitesa.

Ofisi yangu iko mjini Iringa, shule ya watoto iko Gangilonga, nyumbani Ipogolo. Siku nzima sizidi kilomita 20, na kila kipande ni dakika kumi, gari halijapata moto sawasawa nalizima. Nilinunua dizeli kutoka Japani kwa sababu kila mtu alisema dizeli ndiyo mpango. Mwezi wa nne taa ikawaka. Kumbe ekzosi ya dizeli za kisasa ina chujio la masizi, DPF, na masizi yale lazima yachomwe kwa joto kali, digrii kama 600. Joto hilo linapatikana gari likitembea barabara kuu kwa muda, mizunguko ikiwa imepanda. Kwa safari za dakika kumi halifikiwi kamwe. Masizi yakajaa, gari likapunguza nguvu lenyewe ili kujilinda, nikawa napanda kutoka Ipogolo kwenda mjini nyuma ya bajaji.

Karakana ya kwanza walitaka kukata chujio lote na kuidanganya kompyuta. Nilikataa, nina watoto wanaosimama nyuma ya gari lile kila asubuhi. Fundi mwingine akaniambia nenda Mafinga na kurudi, kilomita 80 kwenda, 80 kurudi, usizime, usilegeze mguu. Nilifika Ifunda, taa ikazima. Tangu hapo kila Jumamosi ya pili natoa gari kwenda Mafinga kama natembeza ng'ombe. Mafuta niliyookoa yanaishia kwenye hiyo safari.

Ningerudi nyuma ningechukua petroli. Na mabonde ya hapa mjini Iringa 2.7 inayaweza, tusiitukane.

#5 Mleta uzi

Dada, pole sana, na umeongea kitu ambacho watu hawakisemi kwa sababu kinavunja heshima ya dizeli. Nakubaliana nawe bila kupunguza neno. Anayeishi Mbeya mjini, Forest hadi Mwanjelwa, kanisani na sokoni, na Tukuyu mara moja kwa mwezi, achukue petroli alale usingizi.

#6 Mzee wa Makambako

Wanangu, nimeendesha malori njia ya Tunduma kwa zaidi ya miaka ishirini kabla ya kustaafu. Mnaongelea kupanda tu. Kupanda hakuui mtu. Kinachoua ni kushuka.

Petroli ukiachia mguu mlangoni mwa mteremko, ile klapa ya hewa inafunga, injini inabaki inavuta pumzi kwenye mlango uliofungwa, na hiyo ndiyo inayolikamata gari. Dizeli haiongozwi kwa kufunga hewa, inaongozwa kwa kupunguza mafuta. Ukiachia mguu, hewa inaingia kama kawaida, inabanwa, halafu inasukuma pistoni kurudi kama springi. Kwa hiyo inashika kidogo tu. Ndiyo maana malori yamefungiwa breki ya ekzosi. Hizi Prado zenu hazina.

Kitonga, ukiwa unashuka kutoka Iringa kwenda Ruaha Mbuyuni, gia ndogo unaiweka ukiwa bado kileleni, kabla ya kona ya kwanza. Usisubiri hadi usikie harufu ya breki. Otomatiki sogeza kwenye S uichague mwenyewe ya tatu au ya pili. Mwenye dizeli ashuke na gia moja chini kuliko angeshuka na petroli. Inyala vilevile, na mteremko wa Mbalizi vilevile, kule nimezika marafiki.

Na kitu kingine. Umepanda Kitonga umefika Ilula unataka nyanya, usizime injini ya turbo papo hapo. Feni ile imetoka kuzunguka kwenye moto mkali, na inapozwa kwa oili. Ukizima, oili inasimama na kuungulia mle ndani. Iache ingurume bila kukanyaga mafuta dakika mbili, shuka wewe ukaongelee bei.

#7 Kijana wa Uyole

Shikamoo mzee. Hili la kushuka sikuwahi kuambiwa na mtu yeyote. Nashukuru sana.

#8 Fundi wa Mafinga

Mimi ni fundi, dizeli ndiyo zinanilisha, kwa hiyo niaminini nikiwaambia mziogope kidogo.

Adui wa dizeli ya kisasa ni uchafu na maji. Nozo za hizi injini zinapuliza mafuta kwa mgandamizo unaopita bar 2,000, kwenye vitundu ambavyo macho hayavioni. Pampu yake inalainishwa na dizeli yenyewe. Ikiingia maji inakwaruzika. Ikiingia mafuta ya taa nayo inakwaruzika, kwa sababu mafuta ya taa hayana ule ulaini. Mnakumbuka miaka ya uchakachuaji, hadi serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa 2011. Injini za zamani zilivumilia, hizi hazivumilii. Mteja wangu mmoja alijaza kwenye madumu huko vijijini, nozo nne na pampu, hela aliyotoa ingenunua pikipiki tatu mpya.

Petroli nayo ina yake, plagi na koili, lakini koili moja ikifa unaibadilisha mwenyewe barabarani ukaendelea na safari.

Halafu somo la pili, na hili nawaomba mlishike. Wauzaji wanawachanganya. Prado 150 ya soko la Japani, kuanzia 2009 hadi katikati ya 2015, ilikuja na petroli tu, 2.7 au 4.0. Dizeli ya 2.8 ilianza kuuzwa kule Juni 2015. Kwa hiyo mtu akikuambia "Prado dizeli ya 2012, ya Japani", muulize tena. Dizeli ya miaka hiyo ni ile 3.0 iliyouzwa nchi nyingine. Na Land Cruiser 200 ya Japani ni petroli zote, 4.7 halafu 4.6. Ile V8 ya dizeli ya 4.5 ilitoka masoko mengine.

Usisome stika ya nyuma, stika inauzwa Kariakoo. Soma namba ya chesisi. TRJ150 ni petroli 2.7. GRJ150 ni petroli 4.0. KDJ150 ni dizeli 3.0. GDJ150 ni dizeli 2.8. Kwa 200, VDJ ni dizeli, URJ na UZJ ni petroli. Kwa 300, FJA ni dizeli na VJA ni petroli.

GDJ ya Japani ina chujio analosema dada, na tangi la AdBlue pia, kile kimiminika cha kusafisha moshi. Kikiisha, gari likishazimwa haliwaki tena. Weka dumu moja nyumbani. Zile injini zilitengenezewa dizeli yenye salfa sehemu 10 kwa milioni, na kiwango kilichowekwa Afrika Mashariki 2015 kilikuwa 50. Inatembea, lakini oili usiivushe kilomita 5,000.

#9 Mleta uzi

Fundi, ndaga fijo. Hayo ya maji yamenikuta.

Nilijaza kwenye kituo kimoja kidogo baada ya Njombe, nikielekea Ludewa, mvua za Machi. Kilomita kama 30 mbele taa ya njano ikawaka kwenye dashibodi, ile ya filta yenye matone. Nilisimama pembeni palepale. Chini ya filta kuna skrubu ya plastiki, nikaifungua kwa vidole na kukinga chupa ya maji ya nusu lita. Niliinua chupa kwenye mwanga. Juu dizeli, rangi ya chai ya rangi iliyofifia. Chini maji meupe, robo ya chupa. Katikati mstari ulionyooka kama umechorwa kwa rula. Nilikinga mara tatu hadi ikatoka dizeli tupu, nikapampu kwa mkono, likawaka. Ningepuuza taa ile kwa kilomita kumi ningekuwa mteja wa fundi. Kile kituo sijakitaja kwa sababu sina ushahidi kama maji yalitoka kwao au kwenye lori lililowaletea, ila tangu hapo najaza Makambako au Mbeya, kwenye vituo vyenye foleni ya mabasi. Mabasi hayarudi pale yalipoumia.

Na baridi, maana kuna aliyeniuliza kwa ujumbe. Julai Makete asubuhi unakuta barafu kwenye kioo, unaikwangua kwa kadi ya benki. Petroli inawaka kwa mguso mmoja. Dizeli washa swichi kwanza, subiri taa yenye alama ya springi izime, ndipo uwashe. Ikiwaka inatetemeka na kutoa moshi mweupe hadi umalize kufunga geti, hita za silinda moja au mbili zimekufa. Dar usingejua kamwe.

#10 Kijana wa Uyole

Wakuu, na hizi za Ulaya? Kuna Range Rover Sport ya dizeli nimeonyeshwa, bei ni sawa na Prado, na ndani ni kama hoteli.

#11 Fundi wa Mafinga

Mdogo wangu, ni gari zuri, barabarani limetulia kuliko Prado. Lakini likiwasha taa ukiwa Mlowo, nani ana kompyuta ya kulisoma? Spea utaagiza, utasubiri. Kama una gari la pili la kutembelea, chukua. Kama ndilo pekee, hapana.

#12 Dada wa Ipogolo

Na kodi? Niliambiwa dizeli inatozwa zaidi.

#13 Mleta uzi

Hapana dada. Ushuru wa bidhaa unaangalia ukubwa wa injini na umri wa gari, haujali linakunywa nini. Haya tunayoongelea yote yamevuka cc 2,000, yaani lita mbili, kwa hiyo yako kundi moja. Kinachoumiza ni umri, likipita miaka kumi unaongezewa asilimia 30 ya uchakavu. Hapo ndipo GDJ ya 2016 na TRJ ya 2016 zinaumia sawa.

Kijana wa Uyole, wewe nakujibu kulingana na kazi yako. Umeniambia una shamba Matamba na unashuka Dar kila mwezi na mzigo wa sampuli. Hiyo ni zaidi ya kilomita 20,000 kwa mwaka, barabara kuu, milima, na chujio litajichoma lenyewe bila wewe kujua. Chukua dizeli, GDJ, na ufuate ya mzee kwenye kushuka na ya fundi kwenye filta. Ungekuwa unakaa mjini kama dada, ningekupeleka kwenye TRJ leo.

Lile Prado la dizeli uliloniambia liko Soweto, hapa Mbeya, linauzwa, usilipie kwa picha. Jumamosi nitakuwepo. Mwambie mwenye gari asiliwashe kabla hatujafika, tufike saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nitaweka mkono kwenye boneti kwanza nione kama kweli limelala baridi. Likiwaka vizuri tunalipandisha Kawetere hadi juu, tunalishusha kwa gia, na tukirudi tunafungua ile skrubu ya chini ya filta. Njoo na chupa tupu ya maji.

#14 Kijana wa Uyole

Nitakuwepo saa kumi na mbili, kaka. Chupa ninayo.